Jakuzi Lisigande: Mwongozo wa Majira ya Baridi

Ukinunua nyumba Minneapolis, Calgary au Denver, huenda ukakuta jakuzi uani, limeachwa na mwenye nyumba wa awali pamoja na kitabu cha maelekezo ambacho hakuna aliyewahi kukifungua. Miezi ya joto halina usumbufu. Shida huanza Novemba, na kwa aliyekulia Tanga au Kisumu ni shida ngeni. Baridi ya Julai kule Njombe huacha sakitu shambani, lakini jua likipanda sakitu imeyeyuka na paipu za nyumbani ziko salama. Minnesota hewa inaweza kukaa chini ya sifuri usiku na mchana kwa wiki nzima, na maji yoyote yaliyotulia hupata muda wa kutosha kugeuka barafu.

Kanuni ni moja. Jakuzi likabili baridi likiwa na maji ya moto yanayozunguka, au likiwa kavu kabisa. Hali ya katikati ndiyo inayovunja pampu: maji yamo lakini umeme umezimwa, au maji yametolewa lakini si yote. Maelekezo yote yanayofuata ni ya kukuepusha na hali hiyo.

Kinachopasuka

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Aliyewahi kusahau chupa ya soda ndani ya friza anajua matokeo yake. Kwenye jakuzi, hata hivyo, sehemu ya kuogopea si beseni lenyewe. Jakuzi la lita 1,500 lenye maji ya nyuzi 38 za Selsiasi limebeba kiasi cha kilowati-saa 66 za joto juu ya kiwango cha kuganda. Chini ya kifuniko kizima, joto hilo haliishi kwa usiku mmoja.

Hatari iko nyuma ya ubao wa pembeni, kwenye chumba cha mitambo, penye pampu, hita na paipu nyembamba zinazopeleka maji kwenye matundu yanayoyarusha. Hapo maji ni kidogo na hewa ya nje iko karibu. Pampu ikisimama, maji hayo hupoa kwa saa chache wakati beseni bado ni la moto. Ukifungua kizibo kidogo kilicho chini ya kichwa cha pampu, hutoka maji yasiyozidi kikombe au viwili. Kiasi hicho kinatosha kuipasua nyumba ya pampu.

Ufa wenyewe hauonekani mara moja, kwa sababu barafu iliyousababisha ndiyo inayouziba. Huanza kuvuja siku barafu inapoyeyuka, na ndiyo maana wengi hugundua hasara Machi au Aprili. Jakuzi lililojazwa povu la kuhifadhi joto kuanzia beseni hadi kwenye mbao ndilo lenye kazi zaidi, maana fundi hulazimika kulichimba povu hilo kipande kwa kipande akitafuta paipu inayovuja.

Amua kabla ya Novemba

Jiulize maswali matatu. Utalitumia jakuzi walau mara moja kwa wiki? Kuna mtu wa kulitazama kila siku? Umeme wa mtaani kwako ni wa kutegemewa? Ukijibu ndiyo kwa yote matatu, liache likiwaka. Maji ya moto yanayozunguka ni kinga nzuri, na kuoga nje theluji ikidondoka ndiyo raha yenyewe ya kuwa na jakuzi.

Wengi wetu huenda nyumbani Desemba na kurudi katikati ya Januari. Ikiwa nyumba itabaki tupu wiki zote hizo, na hakuna jirani wala ndugu wa kupita kila siku, likaushe kabla hujapanda ndege. Hali ni hiyohiyo kwa nyumba ya mapumziko inayotembelewa mara mojamoja, na kwa anayetunza nyumba ya mwingine lakini anaishi mbali nayo.

Kama jakuzi lako ni la kujazwa upepo, usihangaike kuchagua. Mengi ya aina hiyo hayakutengenezwa kukaa nje hewa ikishuka chini ya nyuzi 4. Toa maji, likaushe hadi kwenye mikunjo, lifungashe, uliweke ndani.

Njia ya kwanza: liendelee kuwaka

1. Badili maji Oktoba. Maji ya jakuzi huchoka baada ya miezi mitatu au minne, na hutaki yale ya majira ya joto yachoke baridi ikiwa imeshakaza. Kulijaza upya si kazi ya dakika. Lita 1,500 za maji ya bomba yenye nyuzi 8 huhitaji takriban kilowati-saa 52 kufika nyuzi 38. Hita ya kilowati 5.5 itafanya kazi hiyo kwa saa tisa hadi kumi. Jakuzi dogo la kuchomeka kwenye soketi ya kawaida, lenye hita ya kilowati 1.5, litahitaji kama saa 35, na hapo bado hujahesabu joto linalopotea njiani.

2. Kagua kifuniko. Ndani yake mna povu gumu lililofungwa kwa plastiki. Plastiki ikichanika, mvuke huingia na povu hunyonya maji. Utakijua kwa uzito: kifuniko ulichokuwa ukikiinua kwa mkono mmoja sasa kinahitaji watu wawili. Kikifika hapo hakizuii tena baridi. Kibadilishe, usikikaushe juani ukidhani kitapona. Kagua pia mshono wa katikati, kinapokunjika, kwani hapo ndipo mvuke mwingi hutorokea.

3. Jaza maji hadi juu ya mlango wa kichujio, na uyatazame kila wiki. Yakishuka, pampu huvuta hewa, mzunguko hukatika na hita hujizima.

4. Safisha kichujio. Kikiziba, maji hupita kwa shida, na mtambo ukihisi mtiririko umepungua utazima hita ili kuilinda. Kuwa na kichujio cha pili ili kimoja kikikauka ndani ya nyumba kingine kiwe kazini.

5. Gawanya muda wa mzunguko. Paneli nyingi hukuruhusu kupanga saa za pampu kufanya kazi. Badala ya mzunguko mmoja mrefu mchana, weka vipindi vifupi vingi usiku na mchana, na usiache pengo refu kati ya saa sita za usiku na alfajiri, wakati baridi huwa kali zaidi.

6. Elekeza maji kila mahali. Vishikio vya juu ya jakuzi vinavyohamisha nguvu ya maji kutoka upande mmoja hadi mwingine viache katikati, ili paipu zote zipate maji ya moto. Vile vya kuingiza hewa vifunge ukishamaliza kuoga, kwani vikiachwa wazi huvuta hewa ya baridi ndani ya maji. Kama kuna maporomoko ya mapambo, yafungulie kidogo kila siku.

7. Usizime ili kuokoa umeme. Ukisafiri siku chache, shusha hadi nyuzi 27 au 30, usiende chini zaidi. Kila nyuzi moja ya ziada ndani ya maji ni akiba umeme ukikatika. Juu nako kuna mpaka: nyuzi 40, yaani 104 za Farenhaiti, ndicho kikomo cha usalama kwa mwili wa mtu mzima mwenye afya.

8. Ondoa theluji kwa ufagio laini. Theluji mpya ya kina cha sentimita 30 juu ya kifuniko cha mita mbili kwa mbili inaweza kufika kilo 100, na ikilowa huongezeka maradufu. Usitumie sepetu, itachana plastiki. Usimwage maji ya moto, yataganda kwenye kufuli na mikanda.

Mitambo ya kisasa ina kinga yake. Kihisi kilicho karibu na hita kikiona joto limeshuka sana, kwenye mitambo mingi karibu nyuzi 7, huamuru pampu izunguke hata kama si saa yake. Paneli nyingine huandika ICE wakati huo. Ni kinga nzuri, lakini inategemea umeme, maji ya kutosha na pampu nzima. Kikikosekana kimoja, haipo. Kwa hiyo usiisome ICE kama ujumbe wa kukutuliza. Itafute sababu: kifuniko hakikufungwa sawasawa, kichujio kimeziba, au hita imekufa na maji yanapoa kidogokidogo.

Mwisho wa njia hii ni ukaguzi wa dakika mbili kila siku. Soma joto kwenye paneli. Sikiliza pampu. Fungua ubao wa pembeni walau mara moja kwa wiki na utazame kwa tochi. Unatafuta unyevu sakafuni, na unatafuta panya, kwani panya hupenda joto la chumba hicho na hutafuna povu na nyaya.

Umeme ukikatika

Februari 2021 baridi iliishukia Texas, jimbo ambalo wengi huliona la joto. Dallas ilifika nyuzi 19 chini ya sifuri tarehe 16 mwezi huo, na zaidi ya nyumba na biashara milioni 4.5 zikakosa umeme, nyingine kwa siku kadhaa. Mabwawa na majakuzi mengi yaliharibika kwa sababu kinga yao yote ilikuwa ya umeme. Kwa hiyo hata anayeishi kusini awe na mpango wa siku kama hiyo.

Kwanza hakikisha umeme umekatika kweli. Taa za jirani zikiwaka, huenda ni breka ya jakuzi pekee iliyojizima. Irudishe mara moja tu. Ikijizima tena, kuna unyevu au kifaa kibovu, na hapo ni kazi ya fundi umeme.

Kama ni mtaa mzima, andika saa ulipokatika. Usifunue kifuniko kuchungulia, maana kila ukifunua unapoteza joto. Tandika mablanketi juu yake, kisha turubai, ufunge kwa kamba upepo usiondoe. Funika pia ubao wa chumba cha mitambo. Umeme ukirudi, ondoa mfuniko wa pembeni mara moja, kwa sababu mota za pampu zinahitaji hewa.

Kisha peleka joto kidogo palipo na hatari. Kama jiko lako la gesi linawaka, jaza chupa maji ya moto, zifunge vizuri, uzipange karibu na pampu na hita, na uzibadilishe zikipoa. Gusa paipu kwa mkono kila unapobadilisha: zikiwa vuguvugu uko salama. Mwenye jenereta anaweza kuweka ndani ya chumba hicho balbu ya zamani ya wati 60 yenye kikinga cha waya, mbali na povu na nyaya. Balbu za LED hazifai, hazitoi joto la maana.

Hapa pana onyo ambalo msomaji wa kwetu analifahamu tangu utotoni: jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu usingizini. Ni hewa ileile, kaboni monoksaidi, iliyoua watu Texas wakati wa baridi ile walipojaribu kupata joto kwa majiko ya mkaa, magari na jenereta. Jenereta ikae nje, walau mita sita kutoka nyumbani, moshi ukielekea mbali na milango na madirisha. Hakuna jakuzi linalostahili hatari hiyo.

Ikiwa baridi ni kali na kampuni ya umeme inasema itachukua zaidi ya siku nzima, toa maji mapema, yakiwa bado ya moto. Inauma kumwaga maji uliyoyalipia, lakini nusu shari kuliko shari kamili: maji mapya ni ya bei ndogo, pampu na hita si ya bei hiyo. Zima breka, fungua valvu ya kutolea maji, kisha fungua vizibo vya pampu na nati za yunioni zilizo pande mbili za pampu na hita. Usiahirishe hadi barafu ianze kuonekana. Ikionekana kwenye beseni, chumba cha mitambo kilishaganda zamani.

Njia ya pili: kulikausha

Fanya kazi hii mchana, siku ambayo hewa iko juu ya sifuri. Vifaa ni vichache: mpira wa maji, pampu ndogo ya kuzamisha kama unayo, bisibisi, mashine ya kufyonza inayokubali maji, mataulo na mfuko wa plastiki.

1. Acha kuweka klorini au bromini siku chache kabla, ili maji yasiunguze bustani.

2. Zima umeme kwenye breka, si kwenye paneli pekee. Hita ikiwaka bila maji huungua.

3. Unganisha mpira kwenye valvu ya kutolea maji na uulaze kuelekea mahali maji yatakapozama ardhini. Yakipita kwenye njia ya miguu au barabara ya gari, kesho asubuhi utakuwa na sakafu ya barafu. Valvu peke yake huchukua saa kadhaa, pampu ya kuzamisha hufupisha kazi.

4. Beseni likiisha, fungua ubao wa pembeni. Legeza nati za yunioni pande zote mbili za kila pampu na za hita. Toa kizibo cha chini ya kila pampu. Vizibo vyote viweke kwenye mfuko wa plastiki na uufunge ndani ya chumba hicho. Usivirudishe hadi masika.

5. Hamisha mpira wa mashine ya kufyonza kutoka upande wa kuvuta hadi upande wa kupuliza. Uweke kwenye tundu moja la kurushia maji, uzibe pembeni kwa taulo, upulize. Utaona maji yakiruka kutoka tundu jingine. Endelea hadi itoke hewa tupu, kisha nenda tundu linalofuata. Geuza kile kishikio cha kuhamisha maji na urudie upande wa pili. Hapa ndipo wenye haraka huharibu, kwa sababu beseni linaonekana kavu na paipu bado zina maji.

6. Rudisha mashine kwenye kuvuta. Fyonza shimo la kichujio, sehemu ya kuwekea miguu na kila kona yenye kidimbwi. Futa kwa taulo. Kama jakuzi lina mtambo wa kupuliza mapovu, soma kitabu chake, kwani nao una paipu za kusafishwa.

7. Vichujio vioshe, vikauke, vilale ndani ya nyumba. Kikibaki na maji, barafu hupasua nyuzi zake.

8. Ukihofia maji yaliyobaki kwenye mikunjo ya paipu, tumia dawa ya kuzuia kuganda iliyotengenezwa kwa propileni glaikoli, ile ya rangi ya waridi inayotumika kwenye magari yenye vyumba vya kuishi, kwa kufuata kitabu cha jakuzi lako. Usitumie kulanti ya gari yenye ethileni glaikoli. Ni sumu, ladha yake ni tamu, na mbwa, paka au mtoto anaweza kuinywa. Hata ile ya waridi ioshe yote masika kabla ya kujaza maji ya kuoga.

9. Funga kifuniko, funga mikanda yake, na ongeza turubai. Mvua au theluji ikiingia kwenye beseni lililokaushwa, utakuwa umerudi kwenye ile hali ya katikati.

Ukikuta limeshaganda

Dalili ni hizi: pampu inavuma lakini maji hayatembei, matundu machache yanarusha na mengine yamekufa, au paneli inaandika FLO, alama inayotumika kwenye mitambo mingi kusema mtiririko haupo. Zima breka mara moja. Pampu inayozunguka bila maji huunguza sili yake.

Usivunje barafu kwa nyundo wala chuma. Usimwage maji yanayochemka kwenye beseni la akriliki, litapasuka. Usitumie moto wa gesi, kwani povu hushika moto na paipu za plastiki huyeyuka. Kinachotakiwa ni joto la polepole: mashine ya kukaushia nywele, au hita ndogo yenye themostati, ikielekezwa ndani ya chumba cha mitambo ubao ukiwa umefunikwa nusu, na wewe ukiwa hapohapo unaitazama. Inaweza kuchukua saa nyingi. Wakati huohuo ingiza maji ya vuguvugu kwenye shimo la kichujio kwa mpira kutoka bomba la ndani.

Paipu zikilegea, tandika magazeti makavu chini ya pampu na hita kabla ya kurudisha umeme. Washa pampu kwa kasi ndogo na usiondoke. Magazeti yakilowa, zima, toa maji yote, uite fundi. Yakibaki makavu, yaache hadi kesho yake na uyatazame tena, kwa sababu barafu ya mwisho kuyeyuka inaweza kuwa ndiyo inayoziba ufa. Na kama beseni zima limeganda hadi chini, usijaribu peke yako.

Kwa hiyo chagua Jumamosi moja ya Oktoba, hewa ikiwa bado ya kuvumilika. Fungua ubao wa pembeni, tafuta vizibo vya pampu na nati za yunioni, vijaribu kama vinazunguka, na upige picha kila kimoja. Andika ilipo breka, weka namba ya fundi kwenye simu, kisha mtumie mwenzako wa nyumbani na jirani picha hizo zote. Umeme ukikatika saa nane za usiku, wewe ukiwa safarini, yeyote kati yao ataweza kulitoa maji kabla halijaganda.